Mstari wa Arobaini na Tatu

Kemambo, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Ghati mwanangu,

Begi lako liko karibu na mlango tangu saa nne asubuhi. Nimeliona likifunguliwa mara tatu. Mara mbili ulilifungua wewe, na mara ya tatu alilifungua Chacha, akasema anaangalia kama zipu ni nzima. Huenda kweli alikuwa anaangalia zipu. Lakini ndiyo sababu barua hii hutaikuta humo. Nitakupa mkononi kesho utakapoinama kuniaga, na wewe uitie ndani ya sweta bila kuuliza kitu, mpaka gari liwe limeondoka.

Habari za nauli, za chakula, za kupiga simu ukifika, shangazi yako amekwisha kuzisema na kuzirudia. Sina la kuongeza hapo. Una miaka ishirini na minne, umesoma kuliko mimi, na unakwenda Arusha kuandika programu za mita za maji. Nina jambo moja tu, nalo nimelikalia miaka kumi na mitatu. Daktari wa Tarime mjini ameniambia moyo wangu umechoka. Hakuniambia umechoshwa na nini, nami sikumwambia.

Jambo lenyewe ni hili. Mjomba wako Marwa hakuiba ng'ombe. Mimi ndiye niliyemfanya mwizi, kwa programu niliyoiandika na kwa mstari mmoja nilioufuta.

Nashuku kwamba nusu ya jambo hili unaijua. Ulipokuwa kidato cha sita uliichezea ile kompyuta yangu ya zamani, ukakuta humo programu ya josho katika nakala mbili. Uliniletea daftari ukiwa umeandika mistari miwili, mmoja chini ya mwingine:

setvbuf(faili, ghala, _IOFBF, 1024);
setvbuf(faili, ghala, _IOLBF, 1024);

Ukaniuliza, "Baba, hapa ulibadilisha F ikawa L. Kwa nini?"

Nikakujibu kwamba nilitaka programu iende haraka zaidi. Ulifunga daftari. Baadaye chuoni bila shaka ulifundishwa kwamba badiliko lile haliongezi kasi, linaipunguza. Tangu hapo, kila ulipokuja likizo, nilikuwa nakutazama unavyonitazama. Uliponipimia dawa nilijiuliza unampa nani, baba yako au mtu mwingine uliyemgundua. Sikuthubutu kukuuliza. Mwenye kitu cha kuficha haulizi maswali, anasikiliza nyayo tu.

Sasa nakujibu. Nitaeleza polepole kuliko unavyohitaji wewe, maana barua hii si yako peke yako. Utamsomea Marwa, na Marwa aliishia darasa la saba.

Mwaka ule wewe ulikuwa darasa la tano. Kikundi cha wafugaji hapa kwetu kilikuwa kimeachiwa kompyuta ya mezani na mradi mmoja uliokuja na kuondoka. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu niliyestaafu, nimejifunza lugha ya C kwenye kozi moja ya likizo kisha kwa vitabu vya kuazima, na nilikuwa na hamu kubwa ya kuonekana. Nikawaandikia programu ya kuandikisha ng'ombe.

Kila ng'ombe alivalishwa sikioni hereni ya plastiki yenye namba. Siku ya kuogesha, ng'ombe walitoka kwenye josho wakapita mmoja mmoja kwenye njia nyembamba ya mbao, wakaingia bomani kulala, wakisubiri chanjo ya kesho yake. Mlangoni alikaa mama Neema mbele ya kompyuta. Huyu alikuwa mgeni kutoka Geita, mumewe alikuja Nyangoto kuchimba dhahabu, naye mama Neema alikuwa na kidato cha nne na vidole vyepesi. Marwa aliita namba, mama Neema aliiandika na kubonyeza, mstari ukatokea kwenye kioo ukiwa na namba ya ng'ombe na saa yake, na programu ikauandika kwenye faili.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kabla ya mlango, ng'ombe wako mikononi mwa mchungaji, yaani Marwa. Baada ya mlango, wako mikononi mwa mlinzi wa boma, yaani Chacha, mtoto wa mdogo wangu. Faili ndilo litakalosema nani alivuka. Huku kwetu, ambako ng'ombe mmoja aliyepotea ameshazika watu wengi, tuliona tumepata dawa. Shahidi akisimama, swali la kwanza ni ukoo wake. Nakumbuka nilivyowaambia wazee siku ya kuizindua: mashine haina ukoo. Walipiga makofi. Sikuwaambia kwamba aliyeiandika anao.

Sasa sikiliza habari ya bafa, na umsomee mjomba wako sehemu hii mara mbili. Programu ikiandika neno kwenye faili, neno haliendi kwenye diski papo hapo. Linawekwa kwanza kwenye chombo cha muda ndani ya kumbukumbu ya mashine, na chombo hicho ndicho bafa. Kikijaa, ndipo vyote vilivyomo humiminwa diskini kwa mkupuo mmoja. Ni kama mama yako alivyokuwa akikamua. Hakukimbia nyumbani na kila tone, alijaza kibuyu kwanza. Ni akili nzuri, inaokoa miguu. Lakini ndama akikipiga kibuyu teke kabla hakijafika nyumbani, maziwa uliyoyaona kwa macho yako huna.

Kioo cha kompyuta hakisubiri hivyo. Kwa tabia yake hupewa mstari mmoja mmoja, kila unapokamilika. Kwa hiyo mtu aliyesimama nyuma ya mama Neema aliona kila ng'ombe akiandikwa, na aliamini ameandikwa. Kumbe kioo na faili vilikuwa vinakwenda kwa mwendo tofauti, na aliyevipangia mwendo huo ni mimi. Mashine ilikuwa inatumia betri ya gari iliyochajiwa kwa jua. Diski ikiamshwa kila mara inakula betri. Nikaona nipange bafa ya baiti 1024, yaani herufi 1024, faili lisiguswe mpaka chombo kijae. Ningeweza kuweka fflush, amri ya kumimina chombo kabla hakijajaa, baada ya kila ng'ombe. Nilifikiria, nikaona ni ubadhirifu. Nilipima betri, sikupima mtu.

Siku ile Marwa alileta ng'ombe hamsini na wanne. Kulikuwa na wingu tangu mchana, jua halikuchaji kitu. Ng'ombe wa mwisho walipokwisha kuingia, kompyuta ikazimika yenyewe kabla mama Neema hajafunga programu. Alikuja kuniambia. Nilimwambia asihofu, kila kitu kimo.

Boma lilikuwa na zizi la ndani na zizi la nje, upande wa korongo. La ndani lilijaa, tisa wa mwisho wakalala la nje. Asubuhi ya pili zizi la nje lilikuwa tupu na miiba imevutwa pembeni.

Nikaiwasha kompyuta kwa betri iliyoazimwa, watu wakiwa wamesimama nje. Nikafungua faili. Lilikuwa na mistari arobaini na miwili kamili. Chini yake kulikuwa na kipande cha mstari wa arobaini na tatu, umekatwa ghafla kama kamba iliyokatwa kwa panga.

Ghati, mimi ni mwalimu wa hesabu. Kila mstari ulikuwa na herufi ishirini na nne, pamoja na alama ya kumaliza mstari. Arobaini na mbili mara ishirini na nne ni elfu moja na nane. Kipande kile kilikuwa na herufi kumi na sita. Jumlisha. Nilijumlisha nikiwa nimesimama, kabla sijavuta kiti. Hakuna mtu, hata mwizi, anayeacha kuandika katikati ya saa. Chombo kilijaa, kikamiminwa, kikaanza kujaa upya, na umeme ukaondoka na kile kilichokuwa ndani. Nilijua, kisha nikajizuia nisijue.

Kwa nini? Nimekuwa na miaka ya kulitafuta jibu, na kila ninalolipata nalishuku kwamba linanipendelea. Moja ni kiburi. Nilikuwa nimewaambia wazee mashine haikosei. La pili ni Chacha. Kama ng'ombe walivuka mlango, basi walipotelea mikononi mwake, na Chacha ni damu yangu. La tatu ni Marwa mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kumtazama vibaya kabla ya siku ile. Alikuwa na simu ya laini mbili. Alikuwa na marafiki upande wa Serengeti ambao sikuwajua. Na juma lile alikuwa amevaa gambuti mpya. Mchungaji, gambuti mpya, amezitoa wapi? Nilijiuliza hivyo, na sikumwuliza yeye. Ungeona jinsi gambuti zile zilivyoijaza akili yangu asubuhi ile kuliko hesabu niliyokuwa nimeifanya.

Nikakifuta kile kipande. Nilijiambia ni uchafu tu wa umeme na kwamba karatasi ikitoka na mstari uliokatika itawachanganya wazee. Nikaweka nakala ya faili lilivyokuwa kwenye flashi, nikachapisha lililosafishwa. Karatasi ilitoka safi. Ng'ombe arobaini na wawili walivuka mlango.

Lakini bomani walikuwamo arobaini na watano. Watatu walikuwamo bila kuwemo kwenye karatasi. Hapo mtu mwaminifu angesema karatasi ina kasoro. Mimi nilisema hao watatu walikuwa katika kundi lililoibwa, wakaponyoka wakarudi wenyewe, maana ng'ombe hujua kwao. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mtu akishakushuku, hata ng'ombe aliyepo huwa ushahidi kwamba umeiba.

Baraza la ukoo, iritongo, liliketi siku ya tatu. Mama Neema alisimama akasema aliandika ng'ombe wote hamsini na wanne, na aliwaona kwenye kioo kwa macho yake. Mzee mmoja akamwuliza kwao ni wapi. Akasema Geita. Mzee akasema, "Basi mwenzetu kaa, umechoka na safari," na watu wakacheka. Mashine haikuwa na ukoo ikaaminiwa kwa sababu hiyo. Mama Neema hakuwa na ukoo akanyimwa neno kwa sababu hiyo hiyo. Nililiona, nikanyamaza.

Kisha Marwa akasimama. Hakuwatazama wazee, alinitazama mimi. Akasema, "Shemeji, wa kwanza asiyekuwa kwenye karatasi yako ni yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Mimi niliita namba yake, na mama Neema aliniomba niirudie kwa sababu nilikuwa nakohoa. Mashine yako imemmeza. Iulize."

Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika ndiye aliyekuwa kwenye kipande nilichokifuta. Namba yake ilikuwa nzima. Kilichokatika ni saa tu.

Nikasema, "Mashine haimezi. Mashine inakumbuka ilichoambiwa."

Mzee mmoja mcheshi akasema basi mashine iletwe iapishwe, watu wakacheka tena, na kicheko kile ndicho kilichomaliza kesi. Wakamtaka Marwa alipe ng'ombe tisa au aondoke. Akasema kulipa ni kukiri, na yeye hana la kukiri. Akavuka Mto Mara na mke wake na mbuzi wachache, akaenda kukaa Kenyamonta.

Mama yako aliniuliza mara moja tu. Alikuwa anachambua mboga. Akasema, "Una hakika?" Nikasema, "Nina karatasi." Akaendelea na mboga. Hakuniuliza tena mpaka anaingia kaburini, lakini kila baada ya muda nilikuwa naona unga umepungua, na baadaye nikajua alikuwa anampa kondakta wa gari la Mugumu afikishe Kenyamonta. Nilimchunguza mke wangu mwenyewe kama mpelelezi, nikipima debe la unga kwa fimbo. Na katika kuchunguza huko ndiko nilikojua habari ya gambuti. Mama yako ndiye aliyezinunua, kwa kuuza kuku wake, kwa sababu kaka yake alikuwa amechomwa mwiba ukaoza.

Siku tuliyomzika mama yako, Marwa alikuja. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, labda unakumbuka mtu aliyesimama nje ya ua wa minyaa, amevaa koti refu. Uliniuliza ni nani, nikasema ni mpita njia. Hakuingia, hakula, hakutoa neno. Mjomba mtu, kwenye msiba wa dada yake. Alipoondoka nilimtazama miguuni. Alikuwa amevaa zile gambuti, zimetiwa viraka.

Nirudi nyuma kidogo. Juma moja baada ya Marwa kuondoka nilifanya jaribio. Niliandika namba hamsini na nne kwenye programu ile, kisha nikachomoa waya wa betri. Nikaiwasha tena, nikafungua faili. Mistari arobaini na miwili, na kipande cha herufi kumi na sita. Nilirudia. Vilevile. Nikabadilisha F ikawa L ili kila mstari umiminwe unapokamilika, nikaacha dakika moja ipite, nikachomoa waya. Mistari hamsini na minne. Nilisahihisha programu siku ileile bila kumwambia mtu. Nilisahihisha mashine, mtu nikamwacha alivyo.

Chacha naye alikuja mwaka wa pili, akiwa amelewa kidogo, akaniambia kwamba siku ile hakulinda. Alikwenda Nyangoto kwenye kibanda cha video kutazama mpira. Alisema kama mtu anayetoa kichekesho, kisha akaona sicheki. Akaniuliza, "Baba mkubwa, kwani wewe hukujua?" Tangu hapo sisi wawili tumeishi kama watu wanaoshikana mashati. Yeye ndiye anayenipeleka hospitali. Yeye ndiye anayeniosha miguu hii iliyovimba. Sijui kama ananiosha kwa upendo au ananilinda nisiseme. Nimejaribu kumwamini, na nadhani yeye pia amejaribu.

Utajiuliza kwa nini nakueleza wewe mambo ya bafa ambayo unayajua vizuri zaidi. Kwa sababu utakapofika Arusha utawekewa mezani mita ya mtu, na bosi atakuambia upunguze kuandika kwenye kumbukumbu, kunamaliza betri, kunachakaza chombo. Atakuwa sahihi. Mimi pia nilikuwa sahihi. Lakini kabla hujachagua ukubwa wa bafa, jiulize umeme ukikatika sasa hivi ni nani atakayeulizwa. Usiiamini hata fflush kupita kiasi. Inaukabidhi mstari kwa mfumo endeshi tu, na mfumo endeshi nao una chombo chake cha muda, na kuna fsync, amri ya kuusukuma mpaka diskini, kwa sababu hiyo. Ndiyo maana nilipojaribu niliacha ile dakika ipite. Na ukifungua faili ukalikuta lina baiti 1024 barabara, au 4096 barabara, usilifurahie kwa unadhifu wake. Ng'ombe hawaji kwa kipimo cha bafa.

Jambo jingine katika lugha ile linanisumbua kuliko yote. Mkondo wa makosa, stderr, hauwekewi bafa. Matokeo mazuri yanaruhusiwa kusubiri, lakini kosa linatolewa papo hapo, kwa sababu walioitunga lugha walijua kwamba programu inaweza kufa wakati wowote, na kosa lililosubiri litakufa nayo. Nimelifundisha hilo kwa watu watatu au wanne, nikalieleza vizuri, kwa chaki. Kisha nikarudi nyumbani nikaendelea kusubiri.

Mpaka juzi nilikuwa bado nasubiri. Mpango wangu ulikuwa kuandika barua, kuifunga na kuiacha ifunguliwe nikishakufa. Niliona ni mpango wa heshima. Halafu nikaanza kuushuku, kama ninavyoshuku kila kitu. Nani ataikuta kwanza, kama si Chacha? Na nikaona kwamba hata kama ingefika salama, maana yake ni kwamba nimepanga kusema ukweli siku ambayo hakuna atakayeweza kunitazama usoni. Marwa alinitazama usoni.

Kwa hiyo leo asubuhi nilimwita mama Neema. Bado yuko Nyangoto, anauza dagaa, mumewe alishaondoka zamani kufuata dhahabu nyingine. Alikuja na ndoo yake, akanishika mkono, akasema shikamoo. Nikampa karatasi mbili nilizoandika kwa mkono wangu, zenye yote haya kwa ufupi, na sahihi. Alisoma zote akiwa amesimama. Nilitegemea anitukane.

Akasema, "Mwalimu, mimi nilijua tangu siku ile. Nilikuwa nasubiri ujue wewe."

Nikamwambia sikuwa na la kujua, nilijua. Akakunja karatasi. Akaniuliza zisomwe lini, ukishaondoka wewe, au nikishaondoka mimi. Iritongo imeketi leo mchana kwa habari ya mipaka ya malisho. Nikamwambia, "Leo. Na wakikuuliza kwenu ni wapi, waambie wasome sahihi." Akacheka kidogo, akabeba ndoo yake akaenda. Hiyo ilikuwa saa sita. Sasa ni saa kumi. Sijui amesoma au hajasoma. Sijui kama walimruhusu. Inawezekana amezitupa karatasi korongoni ili kunionyesha kusubiri kulivyo. Kwa hiyo sitaki kutegemea njia moja, na wewe ndiye njia ya pili.

Gari la kesho litapita barabara ya Mugumu. Mkishavuka Mto Mara, mwambie kondakta akushushe kwenye njia ya kwenda Kenyamonta, uchukue pikipiki, uulize kwa Marwa wa mbuzi. Siku moja haitaharibu kazi yako, nimekwisha kupiga simu Arusha nikawaambia una msiba. Huo nao ni uongo wangu, wa mwisho natumaini, na haujakaa sana mbali na ukweli. Ndani ya bahasha utaikuta flashi. Faili liko kama lilivyokuwa asubuhi ile. Fungua kompyuta yako mbele yake, mwonyeshe ukubwa wake kwanza, kisha umwonyeshe mstari wa mwisho. Msomee namba. Ataitambua.

Usimwombe anisamehe. Nimekukataza. Akitaka kurudi Kemambo, wazee wana karatasi, au watakuwa nayo. Akitaka kukutukana kwa ajili yangu, msikilize mpaka amalize. Na kama atakukaribisha chakula, kula, maana wewe ni mtoto wa dada yake na ulinyimwa mjomba miaka kumi na mitatu na mtu aliyekuwa anakukagulia daftari.

Kesho asubuhi, kama nitakuita nikakuomba unirudishie barua kidogo nisahihishe neno, usinirudishie. Najijua. Mkono wangu una mazoea ya kusahihisha.

Chacha ameingia sasa hivi na beseni. Hajanisalimu. Ameniuliza, "Baba mkubwa, unaandika nini kirefu hivyo?"

Nikamwambia, "Namba ya ng'ombe."

"Yupi?"

"Yule mwekundu, wa pembe iliyovunjika."

Ameliweka beseni chini, kofia yake ina vumbi la upande wa uwanja wa iritongo, au labda ni vumbi la mahali popote. Kisha amepiga magoti akanitia miguu majini. Maji yana joto kuliko siku zote, au ni mimi. Ananiosha, na hajainua uso. Naandika huku ananiosha. Bado sijui anajua nini, na kwa mara ya kwanza sitafuti kujua.

Karatasi imebaki ndogo. Namalizia kwa ule mstari nilioufuta. Nauandika kwa mkono wangu mbele ya Chacha, ulivyokuwa, bila kuukamilisha. Mengine atayaongeza Marwa, alikuwepo.

Baba yako

0043 TRM-00718 1